Udongo wa Kwanza

Haya yalimkuta rafiki yangu, mhariri wa video, na si mtu wa kutia chumvi. Mchana mmoja, kwenye kichumba chake cha kazi chenye mapazia mazito, alikuwa akimtumia dada yake video ya mazishi ya kaka yao. Ilikuwa nzito, kwa hiyo alitumia programu inayopeleka faili moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta. Zote mbili sharti ziwe zimewashwa.

Dada akapiga simu. "Mbona kwangu haijaanza kuingia?"

"Huku inakwenda. Imeshapita nusu."

Akatazama tena. Alikuwa amebonyeza jina la kaka, ambalo hakuwahi kulifuta. Kompyuta ya marehemu ilikuwa kabatini nyuma yake, waya wake wa umeme umezungushwa juu yake tangu msiba.

Alipomweleza, dada akasema, "Zima, mdogo wangu."

Hakuzima. Anasema hata woga hakuusikia. Alikaa tu gizani, akisikiliza feni ndogo ikivuma kabatini, mpaka faili likafika lote.

Kisha humo kabatini udongo wa kwanza ukasikika ukianguka juu ya jeneza. Video ikarudishwa nyuma kidogo, na udongo ukaanguka tena.