Tumbo Joto la Msemaji Mkuu

Kila asubuhi kengele ya bweni ilipolia, wenzangu walikimbilia bafuni, kisha bwaloni kunywa uji. Wiki ile mimi nilibaki kitandani na karatasi zangu. Nilikuwa nimeteuliwa msemaji mkuu katika mdahalo dhidi ya shule jirani, na mtu mwenye cheo kizito namna hiyo hapangi foleni ya uji pamoja na wananchi wa kawaida. Nilikula biskuti na kunywa soda chini ya blanketi, kwa heshima zote.

Jumatano tumbo likaasi. Likanguruma, likasokota, likanipeleka msalani mara nne kabla ya somo la pili.

"Mheshimiwa, leo unahutubia choo?" aliuliza jirani yangu wa kitanda, tuliyemwita Kijiko kwa kupenda kula.

"Nyamaza, we! Mwalimu amesema asiyefika mazoezini leo jioni anaondolewa."

Ikanibidi niende zahanati ya shule. Shida ni kwamba muuguzi alinijua. Muhula uliopita, ili nikwepe mtihani wa hesabu, nilikunywa chai ya moto kabla ya kupimwa homa, na kipimajoto kikatangaza kwamba nimeshafariki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekunywa chai au kahawa?"

"Haki ya Mungu, mama, leo ni kweli. Niko tumbo joto!"

Nilikusudia kusema tumbo linauma, lakini ulimi ukateleza. Nani asiyejua kwamba aliye tumbo joto ana wasiwasi? Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Wasiwasi wa nini, mwanangu?"

"Mdahalo. Nikisahau maneno mbele ya watu wote wale..."

Alinipima. Homa hakuna. Akauliza kama nimeona damu chooni, sikuwa nimeona. Kisha akauliza nimekula nini tangu Jumapili, nami nikamtajia.

"Kumbe! Ubongo na tumbo ni majirani wanaotenganishwa na ukuta mwembamba. Mmoja akipiga kelele, mwenzake halali. Ukiogopa, utumbo unaweza kwenda mbio au kukaza. Nawe badala ya kuutuliza unaumwagia soda!"

Alinichanganyia dawa ya maji yenye chumvi na sukari. Akaagiza nile bwaloni kwa saa zake, kidogo kidogo: uji, wali, ndizi mbivu; nikipata nafuu, maharage na mboga. Nilale mapema na nivute pumzi polepole hofu ikipanda. "Lisipotulia kwa siku mbili, tunakwenda hospitali. Na mwalimu umweleze ukweli."

Nilimweleza. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta chai mdomoni mwangu, kisha akanisogezea mazoezi hadi kesho yake.

Mezani nilimsomea Kijiko hotuba yangu. Alicheka kila nilipojitapa, nami nikafuta sehemu hizo zote. Kufikia Ijumaa karatasi nne zilibaki moja, na tumbo lilikuwa limerudi kazini.

Ukumbini nilisahau sentensi nzima. Nikavuta pumzi, nikaanza inayofuata, na hakuna aliyegundua. Tulishinda kwa alama mbili.

Muuguzi alinipa mkono mlangoni. "Hofu ilikuja, sivyo?"

"Ilikuja, mama. Tena mapema."

"Itakuja kila mara. Ila mwili uliokula vizuri na kulala huipokea kama mgeni, si kama mwizi. Anayetaka kusema mbele za watu, kwanza ale na watu."

Kijiko, aliyekuwa nyuma yangu, akaitikia, "Amina," kisha akauliza chakula cha jioni ni saa ngapi.