Hotpoti ya Bi Chausiku

"Ndizi?" Zuena alisimama na sinia mkononi. "Kaka yangu, umesema unataka ndizi?"

"Na maharage. Kama zipo."

Benchi zima likacheka. Ijumaa hiyo jamani, watu wametoka msikitini sasa hivi, kanzu zimebanana mpaka nje chini ya turubai, wengine wanakula wamesimama, na huyu kijana anaagiza ndizi! Kwa Bi Chausiku pale Tandika, Ijumaa kulipikwa kitu kimoja tu, na kitu hicho watu walikifuata kutoka Mbagala, Chang'ombe, hata Kinondoni: biriani ya mbuzi, wali wa rangi mbili, masala mazito ya vitunguu vya kukaanga, kachumbari na pilipili ya ukwaju pembeni. Watu wazima na heshima zao waliwahi kununiana hapo kwa sababu ya ukoko.

"Leo biriani tu," Zuena akamwambia. "Nikuletee au unaondoka?"

"Niletee. Mie mgeni, nitakula mtakachonipa."

Akamletea. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu, khanga kiunoni, mtandio mweupe umemteleza hadi shingoni kwa joto la jikoni. Kijana yeye alikuwa na shati la mitumba lenye mistari, limepigwa pasi vizuri, na alikula taratibu, akitoa karafuu moja moja mdomoni na kuipanga kwenye ukingo wa sahani. Zuena alipita mara ya kwanza akanyamaza. Mara ya pili uzalendo ukamshinda.

"Fundi, hiyo misumari unapanga?"

"Umejuaje kama mie fundi?"

"Una maranda kichwani na penseli sikioni. Ulitaka niseme daktari?"

Kijana akapeleka mkono sikioni, akaikuta penseli kweli, akacheka. "Naitwa Twaha. Nipo Keko, natengeneza makabati. Na hivi vijiti vyenu nusura vinivunje jino."

"Huo mdalasini. Ile iliki, ile karafuu. Kwani Bukoba hamna karafuu?"

"Nani kakwambia natoka Bukoba?"

"Nani mwingine ataomba ndizi Ijumaa?"

Ijumaa iliyofuata alirudi. Na nyingine. Akawa anachelewa makusudi mpaka watu wapungue, aridhike na kilichobaki chini ya sufuria, mradi yule anayepakua awe na nafasi ya kumtania. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka tisini na nne, mji umejaa vitu vipya kila kona, na Zuena, aliyezaliwa hapo hapo Temeke, alikuwa hajawahi kula mkono wa mtu mwingine zaidi ya mama yake, Bi Chausiku. Twaha aliposikia hivyo alishika kichwa.

"Yaani Dar yote hii unaisikia harufu tu?"

"Nani atanipeleka?"

"Mie si nipo?"

Basi Jumapili jioni Zuena alivaa baibui lake jipya na viatu vya kisigino kifupi, wakaenda kula mishkaki Kinondoni, imetoka kwenye moto inachuruzika mafuta, na Zuena akasema nyama nzuri ila chumvi imewahi kutiwa. Wakaenda Mwenge kula chipsi mayai, Twaha akiiona kama miujiza. Zuena akakunja pua, akasema hayo ni mayai yaliyoangukia viazi, kisha akaimaliza na kukomba sahani. Twaha akacheka mpaka machozi. Siku moja akatoa kopo dogo mfukoni, zawadi kutoka kwa mama yake, senene wamekaangwa wakavu.

"Kula mmoja tu, Zuu."

"Twaha, huyu ana macho!"

"Hata dagaa ana macho, mbona unamla?"

Akafumba macho, akatafuna. Twaha akamwangalia kama anasubiri majibu ya mtihani.

"Haya, nipe mwingine," Zuena akasema. "Na usimwambie mtu."

Zuena alimpenda hapo. Alikuwa anampenda tangu zamani, lakini hapo alijua, na akaogopa, maana mama yake alikuwa hajui lolote.

Bi Chausiku alipoambiwa hakugomba. Afadhali angegomba. Alikoroga chai yake muda mrefu, akauliza, "Mtu wa bara?" Zuena akasema ndiyo, lakini anaswali, ana kazi, ana adabu. "Adabu tutaiona," Bi Chausiku akasema, na yakaishia hapo.

Ramadhani ikaingia. Mgahawa ukafungwa mchana, na siku moja ya kumi la mwisho Bi Chausiku akaingia jikoni kwake mwenyewe, hakutaka msaidizi. Akachoma kuku kwa mkaa, akakamua tui zito, akatia ndimu na manjano, akapika kuku wa kupaka ambaye hakuwa amempikia mtu tangu mumewe afariki. Akamtia kwenye hotpoti yake ya maua mekundu, ile ya kabatini, akampa kaka yake Salumu, ambaye anauza vitambaa vya masofa huko huko Keko. "Mpelekee yule fundi. Mwambie ni futari kutoka kwangu."

Zuena alijua maana yake. Mama kama Bi Chausiku hasemi "nimekubali". Hupika. Siku ile Zuena alifuturu tende moja tu, tumbo limejaa furaha.

Na Twaha? Twaha masikini alimla yule kuku mpaka mifupa. Kisha akaichukua hotpoti, akaiosha kwa sabuni, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka bati la ndani likang'aa, akaifunga kwenye kitambaa kisafi. Kesho yake alasiri akavaa kanzu, akaipeleka mwenyewe mpaka mlangoni, kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Nimeleta chombo. Nashukuru sana, Mungu akuzidishie."

"Marahaba baba."

Zuena alikuwa amekwenda sokoni. Bi Chausiku akaingia ndani, akafunua kifuniko, akakuta hamna kitu. Hamna kaimati, hamna tende, hamna hata ndimu moja. Nyie mliokulia uswahilini mnajua. Mtu akikuletea chombo na kitu, hukirudishi kitupu. Utatia sukari, utatia yai, utatia chochote, hata ukiazima kwa jirani, maana chombo kitupu kinasema basi, tuishie hapa, usituletee tena. Bi Chausiku akafunika, akaipandisha hotpoti juu kabisa kabatini. Zuena aliporudi hakuambiwa neno.

Baada ya Idi, Twaha akapelekwa Boko kutia milango na makabati kwenye nyumba ya tajiri mmoja, maana watu wenye nazo walikuwa wanajenga huko kwa kushindana. Ijumaa ya kwanza alikwenda mpaka Mwenge kupiga simu. Duka la viungo la Mzee Husseinali lilitazamana na mgahawa, na simu yake ndiyo ilikuwa simu ya mtaa mzima.

"Zuena! Simu!" Mzee Husseinali aliita kutoka kaunta.

Akavuka barabara mbio, mikono ina masala.

"Haloo?"

"Leo mmepika nini?"

"Ijumaa unauliza? Mwendawazimu wewe."

"Nataka nikusikie ukitaja."

"Biriani," Zuena akanong'ona, amegeukia magunia ya bizari. "Ya mbuzi. Na ukoko nimekuwekea, halafu nimekumbuka haupo, nikaula mwenyewe."

"Mwizi. Ukaniwazia lakini?"

"Kidogo. Ulipofika kooni."

"Zuena mwanangu," Mzee Husseinali akasema bila kuinua kichwa kwenye mizani yake, "watu wanataka kuagiza pilipili manga."

Ijumaa ya pili simu haikuja. Ya tatu pia. Zuena alipakua huku masikio yapo ng'ambo ya barabara. Hakujua kwamba simu ilikuwa inalia, na kwamba Bi Chausiku alikuwa amevuka kwa Mzee Husseinali, akamwomba kwa heshima ya ujirani wao wa miaka yote: kijana yule akipiga, mwambie hayupo. Mzee yule alimjua Zuena tangu alipokuwa mtoto anacheza rede pale mlangoni, alimpenda kama wake. Lakini mama mtu kaomba. Angefanya nini?

Wiki hiyo posa ikaja, ya Khalfani, mtoto wa binamu yake mama, aliyekuwa akileta mafriji na televisheni kutoka Dubai. Zuena alitamani Khalfani awe mlevi, au mkorofi, apate pa kushika. Hakuwa hivyo. Alikuwa mpole, mcheshi, anamheshimu mama. Mjomba Salumu alipomuuliza Zuena, alikaa na khanga mdomoni, machozi yanamtoka, hakutamka neno. Bibi harusi akinyamaza huhesabiwa amekubali. Twaha mwenyewe kaacha kupiga simu, alifikiri, sasa nimkatalie mtu kwa ajili ya nani? Mjomba akaenda kuitikia mbele ya wazee, wakasoma Fatiha, wakala pilau.

Jioni ile wakiwa wanaosha masufuria ndipo Zuena alipopata sauti.

"Mama, alikukosea nini Twaha?"

"Mie hajanikosea. Alisema hatutaki, basi."

"Alisema lini?"

"Nilimpikia kuku wa kupaka, Zuena. Kwa mkono wangu huu. Karudisha hotpoti tupu."

Zuena akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka, akakaa chini kwenye maji machafu akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

"Hajui, mama! Yule hajui! Si wa hapa yule, nani angemwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Mtu wa hapa! Ungeniuliza mama. Ungeniuliza mie siku ile ile!"

Bi Chausiku akabaki na sufuria mkononi. Rangi ilimtoka. Alikuwa mwanamke wa haki, na aliona sasa hivi alichokifanya, na aliona pia kwamba kaka yake ameshatoa neno mbele ya wazee na Fatiha imeshasomwa.

Kesho yake simu ilipolia, Mzee Husseinali hakusema hayupo. Alivuka barabara mwenyewe, makubazi yake yanaburura vumbi, akamwita Zuena kwa mkono. Kisha akageuka kumpa mgongo, akapima bizari ile ile mara mbili.

"Zuu! Kila nikipiga haupo, haupo. Nimekukosea nini mpenzi wangu?"

"Hotpoti, Twaha."

"Hotpoti gani? Ile nimeirudisha! Nimeisugua nusu siku!"

Akamweleza. Upande wa pili yakasikika magari ya Mwenge.

"Kwetu mama alinifundisha chombo cha mtu kinarudi kisafi," Twaha akasema mwisho, sauti ndogo. "Ukitia kitu ndani, kwa mama yangu ni kama unasema ulicholetewa hakikutosha. Niliona aibu kumtilia. Zuu, nakuja sasa hivi. Nitamweleza."

"Nimeposwa, Twaha. Wameshaitikia."

Zuena alishika ule mkonga wa simu kwa mikono miwili mpaka ikakatika yenyewe.

Ijumaa Twaha alikuja. Kanzu ile ile, na kichwani amebeba chano, sinia la mbao la mninga alilolichonga mwenyewe, ukingo wake wote umechongwa maua madogo. Ndani mlijaa: mkungu mzima wa ndizi za kupika, buni za kutafuna zilizofungwa kwa magome ya mgomba, na kopo la senene. Watu kwenye mabenchi wakaacha kula. Akaliweka miguuni kwa Bi Chausiku.

"Shikamoo mama. Nimechelewa kujibu futari yako."

"Marahaba mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka Bi Chausiku waziwazi mbele ya wateja, mwanamke ambaye hata msibani alijifunika. "Wewe hukujua. Na mie sikuuliza, na ulimi ninao. Neno limeshatoka kwa Salumu, baba. Silifikii tena."

"Najua mama. Sikuja kudai. Nimekuja kula."

Akampakulia mwenyewe. Twaha akakaa pale pale penye benchi la siku ya kwanza, akala. Zuena alisimama kwenye dirisha la jikoni, ameshika upawa, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Aliangalia ukingo wa sahani akisubiri. Hakuna karafuu iliyopangwa pale, wala iliki, wala kijiti kimoja cha mdalasini. Alikuwa anameza kila kitu.

Alipomaliza alinawa, akaja mpaka dirishani.

"Ilikuwa tamu, Zuu."

"Mwongo. Hukuonja hata kidogo."

Akataka kucheka, ikashindikana. Akamwangalia kidogo, akaondoka kwa miguu kuelekea Keko, na penseli ilikuwa bado ipo sikioni.

Wiki ya harusi, mwezi wa Mfungo Tatu, nyumba ilijaa wanawake na vyombo vya kupeleka kwa bwana harusi. Bi Chausiku alipokuwa akipanga, akalikuta lile chano rafuni, limefutwa, tupu.

"Zuena. Chombo cha watu hiki. Kirudishe kabla hujaondoka hapa nyumbani."

"Sawa mama," Zuena akasema. Mikono yake ilikuwa imejaa hina mbichi, hawezi kushika kitu. "Nitie nini?"

Bi Chausiku akafungua pipa la mchele, akalifunga. Akashika kopo la sukari, akalirudisha. Akatazama mayai, akatazama tende, akatazama hotpoti yake juu ya kabati. Mwisho akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, chano mapajani.

Chano likaenda na vyombo vya Zuena nyumbani kwa Khalfani, na mpaka leo halijarudi Keko.