Kadi ya Baba Iliishia Barabara ya Chini

"Mwambie kadi ije imbebe!"

Hivyo ndivyo baba mdogo Elibariki alivyonijibu mbele ya watu waliokuwa wanatoka ibadani... huku baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, anatapika kitandani nyumba ya tatu kutoka pale!

Wapendwa, ngoja niwaeleze.

Naitwa Irine. Nina duka la vipodozi Same mjini, kwetu ni Vudee, juu milimani. Mwaka jana nilimkatia baba bima ya afya ya kampuni binafsi. Si mchezo! Hela ya mzigo mzima wa dukani. Mume wangu Dickson alinuna wiki nzima.

"Hela yote hiyo, na mzee haumwi?"

"Akiumwa utauza nini wewe?"

Basi nikajiona mjanja. Nikapanda kijijini, nikamwambia baba ajitoe kwenye chama cha machela. Kule kwetu mgonjwa akizidiwa, wanachama wanambeba mabegani hadi barabarani. Na wewe ukiwa mwanachama unabeba wenzio, na siku za msaragambo unatoka na jembe kutengeneza njia. Baba ana miaka sabini! Abebe watu ya nini wakati ana kadi?

Barua ya kujitoa niliandika mimi, nikampa baba mdogo Elibariki, mwenyekiti wa chama. Nikamalizia na "hatuhitaji tena huduma yenu". Jamani, ujeuri!

Jumapili moja nimepanda kumsalimia, ngiri ikambana baba. Mvua ilikuwa imekata barabara. Nikapiga simu ya bima...

"Asante kwa kupiga, dada. Gari la wagonjwa liko njiani."

"Mpaka wapi?"

"Barabara ya chini. Juu halipandi, mleteni hapo."

"Tumlete na nini?!"

"Samahani kwa usumbufu, dada."

Usumbufu! Baba yangu anakufa, yeye ananiambia usumbufu!

Ndipo nikakimbilia kanisani, nikakutana na lile jibu. Nikapiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo baba mdogo... nimekosa. Nipige hata makofi, ila mbebeni."

Salamu hakuitikia. Aliinama, akakunja suruali.

"Rodrick, leta machela! Na wewe Irine toka njiani, unatuchelewesha."

Waliteremka zaidi ya saa mbili kwenye utelezi, wanaume sita. Baba mdogo alishika mbele. Kwenye kona moja akateleza, goti likagonga jiwe, nikasikia kabisa! Machela haikugusa chini. Akasema "twendeni", wakaendelea.

Tukapanda gari mimi, baba na baba mdogo. Hospitali, kadi ilisoma mara moja. Kitanda, upasuaji, dawa... hakuna aliyeniomba hata mia! Nikamtumia Dickson ujumbe: "Umeona?"

Nageuka... baba mdogo amekaa chini kwenye korido, jasho linamtoka, goti limevimba.

"Huyu ana bima?" muuguzi akauliza.

"Hana."

"Basi alipie kwanza, ndipo afunguliwe faili."

"Ameumia akimbeba mgonjwa mwenye bima!"

"Nakuelewa, dada. Lakini kadi ni ya mtu mmoja."

Nilitamani kupiga kelele. Nimpigie nani? Muuguzi hana kosa. Kampuni haijavunja mkataba. Mwenye barua ya ujeuri ni mimi!

Nikalipa. Picha ikaonyesha mfupa umepasuka. Alikuwa amembeba kaka yake na mfupa huo nusu saa nzima, kimya. Hela niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya bima ya mwakani ikaishia kwenye lile goti, yote.

Baba alipozinduka nikamweleza.

"Kadi yangu inaisha lini?"

"Mwezi ujao, baba."

"Ukipata hela, mkatie Elibariki kwanza."

Kitanda cha pili kikajibu:

"Sitaki kadi yenu! Mniache nilale."

Baba akacheka mpaka nyuzi zikamuuma. Mimi nililia.

Ndugu zangu, kabla hujalipia bima, uliza gari lao linaishia wapi. Na kutoka hapo mpaka kitandani kwako, hesabu watu uliobaki nao.

Sasa msije kwenye komenti kuniuliza kama bima inafaa. Inafaa! Bila ile kadi, leo ningekuwa natafuta mtu wa kulinunua duka langu. Na bila wale wanaume sita, baba ningemzika nayo mfukoni.