Godoro la Kuangukia

"Tupo! Wee Tupo! Jiko limeshakolea, mwanangu!"

Tupokigwe aliisikia sauti ya mama yake kwa mbali, akainuka macho yakiwa bado yamefumbwa. Tangu mama ajifungue, asubuhi za nyumbani kwao Tegeta zilikuwa hivyo hivyo. Akaange vitumbua, avipeleke kwa jirani anayewauzia, afue nepi, ajaze maji, ndipo akimbilie shule. Baba yake, dereva wa malori, alikuwa safarini Kigoma, na baba aliye safarini hafui nepi. Mtoto wa darasa la sita, jamani! Darasani kope zilimwelemea, na kengele ya kutoka ilipogongwa alikuwa hoi bin taabani.

Kitu kimoja tu kilimchangamsha, nacho ni klabu ya kupanda miamba. Mwalimu Vaileth, mzaliwa wa Iringa, ndiye aliyeianzisha. Alipigilia vipande vya mbao kwenye ukuta nyuma ya stoo ya shule, akawafundisha wanafunzi kupanda bila kamba na kurukia lundo la mchanga. Likizo ikifika angewapeleka kwao Iringa, wakapande mawe yenyewe. Lakini mchanga haubebeki hadi Iringa. Walihitaji godoro la kuangukia.

Kazi ya kuchagua sponji ya godoro hilo akapewa Tupo. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vifaa, na karakana ya fundi Mwishehe, mtengeneza sofa, ilikuwa njiani kwenda kwao.

"Nisikilize vizuri," Mwalimu Vaileth alimwambia. "Usiichague kwa kuilalia. Panda juu ya meza, uruke kwa miguu yote miwili. Ukihisi nyayo zimegonga chini, achana nayo, jaribu nyingine. Wenzako watakiangukia hicho utakachokichagua wewe."

"Sawa, mwalimu."

Alijikokota hadi kwa fundi, jua la alasiri likimchoma utosini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi, nimechoka tu. Nimetumwa na Mwalimu Vaileth."

"Aa, alinipigia simu. Sponji zile pale, na meza ya kurukia hiyo hapo. Ukishapata niambie, niikate na kuishonea turubai." Fundi akarudi kwenye cherehani yake.

Tupo akabonyeza sponji ya kwanza kwa kiganja. Lo, ngumu! Akabonyeza ya pili. Ilikuwa nene na laini, mkono ukazama hadi kwenye kifundo. Akaiketia. Akaegemea kidogo. Mara huyo, amelala chali! Raha aliyoisikia haisemeki. Tangu mdogo wake azaliwe, hakuwahi kulala mahali pasipolowana. Fundi alipokuja kumwamsha, udenda ulikuwa umemtiririka hadi shavuni.

Meza ilikuwa pale pale, hatua chache tu. Akaitazama, na miguu yake ikakataa katakata. Apande, aruke, apande tena? "Laini yote hii, nani ataumia?" akajisemea. Haya, nani aliyechagua hapo? Si Tupo. Ni uchovu wake, na uchovu huchagua pa kulala.

"Hii hapa, fundi," akasema, akaondoka.

Kesho yake Mwalimu Vaileth alimuuliza, "Uliruka?"

"Niliruka, mwalimu."

Neno lilimtoka lenyewe. Mwalimu akamgusa bega, akamwambia, "Hodari." Sifa ile ilimkaa Tupo kooni kutwa nzima.

Jumamosi godoro likaletwa, limeshonewa turubai la bluu, linapendeza. Mchanga ukazolewa kando, likatandikwa chini ya ukuta. Wanafunzi wakalizunguka kwa vigelegele. Wa kwanza kupanda alikuwa Najat, aliyekaa dawati moja na Tupo, msichana mwembamba asiyejua woga.

"Tupo, liko fiti?" Najat aliuliza, huku akijipaka vumbi viganjani.

"Liko fiti."

Najat akaanza kupanda. Tupo akasogea kulinyoosha godoro, akakanyaga pembeni mwake. Mguu ukazama, na chini ya soli akahisi kokoto. Kokoto ya ardhini! Alikuwa amekanyaga tu. Je, atakayetoka kule juu? Akisema, ataaibika mbele ya wenzake wote. Akinyamaza, Najat atavunjika mguu. Akatazama juu. Najat alikuwa amefika mwisho, amegeuza shingo, anacheka.

"Naruka, nyie!"

"Usiruke!" Tupo alipiga kelele. "Najat, shikilia! Nilidanganya! Sikulijaribu!"

Kicheko cha Najat kikazimika. "Mikono imechoka, Tupo! Nitaanguka!"

Mwalimu Vaileth alishafika chini ya ukuta. "Tulia, mwanangu. Mguu wa kushoto, shusha kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo." Tupo naye akasogea ukutani, akampa Najat bega la kukanyagia. Wakamshusha pole pole. Alikuwa amechubuka kiwiko.

"Nilikuuliza," Najat alimwambia Tupo machozi yakimlengalenga. "Si nilikuuliza?" Akamgeuzia mgongo.

Mwalimu akajaza kiroba mchanga, akatoa ngazi stoo, akapanda nacho, akakiachia juu ya godoro. Puu! Ilikuwa sauti ya ardhi, wala si ya sponji.

Baadaye mwalimu alimkuta Tupo amejiinamia nyuma ya stoo, analia kwa kwikwi.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilichoka, mwalimu. Nimechoka kila siku." Akamweleza yote, ya mtoto mchanga, vitumbua, nepi na maji. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Jioni hiyo akamsindikiza nyumbani. Mama yake aliposikia, akamkumbatia. "Mbona hukuniambia, mwanangu? Mie nikidhani unamudu!" Wakakubaliana kwamba mama mdogo aitwe kutoka Mabibo aje asaidie.

Jumatatu, kabla ya kwenda kwa fundi na klabu yote, Tupo alimwomba Najat radhi. Najat akageuka, akaenda kujiunga na wenzake. Kule karakanani mwalimu aliagiza sponji ngumu iwekwe juu na ile laini chini, kwa sababu ngumu hulitawanya pigo, na laini hulimeza. Tupo akapanda mezani, akaruka. Akapanda tena, akaruka kwa kisigino, kwa ubavu, hadi jasho likamtoka. Hakuigusa ardhi hata mara moja.

"Sawa?" mwalimu aliuliza.

Kabla Tupo hajajibu, Najat alipanda mezani. "Tupo, lisogeze huku kidogo," alisema. Tupo akalisogeza. Najat akaruka, akatua salama, akabaki amekaa pale huku anamtazama mwenzake.

"Huko Iringa wewe ndiye utakayenitandikia," akamwambia. "Sitaki mwingine."

Mwalimu Vaileth akawakusanya. "Kuchoka si kosa, wanangu. Hata mie nachoka. Siku ile Tupo angeniambia, 'Mwalimu, nimechoka, sijajaribu,' ningekwenda mwenyewe, na yangeishia hapo. Kazi ambayo hukuifanya, sema hukuifanya, hata kama utaona aibu. Aibu ya Tupo imekwisha leo. Mguu wa Najat ungevunjika, tungemwambia nini mama yake?"