Nililia Kweli, Wakaweka Muziki

Ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele…

Kwenye skrini nilikuwa mimi. Mwanaume amenibana mlangoni, kanishika mkono, nalia. Gitaa laini linapigwa, halafu sauti nzito ikatangaza:

"Mapenzi ya kweli… hayakubali HAPANA!"

Watu wakasimama kushangilia.

Jamani, pale sikuwa naigiza!

Ngoja niwaeleze. Mimi ni mwigizaji, na usiku ule tulikuwa tunazindua trela ya filamu yetu mpya. Yule mwanaume ni mchumba wangu na mwigizaji mwenzangu, mashabiki wanamwita Bwana Mahaba. Siku ile ya mlangoni tulikuwa mapumziko ya kurekodi, nikamwambia nimechoka, uchumba basi. Nikageuka niondoke. Akanifuata… ndiyo hayo yaliyokuwa kwenye trela.

Mdomo wangu unacheza, sauti yangu wameitoa. Yake wameiacha:

"Huendi popote, wewe ni wangu!"

Wasichana wa viti vya nyuma wakapiga kelele, "Uuuwi! Na mimi nipate wa hivyo!"

Bwana Mahaba alikuwa kushoto kwangu. Akaninong'oneza:

"Tabasamu. Wanatuangalia."

Nikatabasamu. Hasira sikuisikia. Sikusikia chochote. Unaijua ile ganzi ya daktari wa meno? Sasa iwe mwili mzima.

Nikamwinamia Shangazi, aliyekaa upande wangu wa kulia. Yeye ndiye mwongozaji wa filamu, na ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii.

"Shangazi, ile nani alirekodi?"

"Mimi."

"Ulikuwepo?!"

"Kamera ilikuwa mkononi, mwanangu."

"Ukaona ananiumiza?"

Akarekebisha miwani.

"Niliona picha nzuri. Mwanaume akivuta, watu wanajaa ukumbini. Mwanamke akiondoka zake, nani atakuja kuangalia? Hata mimi nilivutwa hivyohivyo. Si nimezeeka na mume wangu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Damu yangu kabisa!

Mara mshereheshaji akaniita kwa mbwembwe.

"Bibi harusi wetu mtarajiwa! Njoo utuambie, pale mlangoni ulikuwa unamwambia nini mpenzi wako?"

Nikapanda jukwaani. Bwana Mahaba nyuma yangu, akanizungushia mkono kiunoni.

Nikashika kipaza sauti. Nikaongea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stendi.

"Nilimwambia: niachie, unaniumiza. Sikutaki tena."

Makofi!

Vigelegele! Miluzi!

"Huyu dada anajua kuigiza, jamani!"

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Mama yangu.

Alivua viatu, akapanda ngazi za jukwaa pekupeku. Akautoa ule mkono kiunoni kwangu kama mtu anayeondoa utando wa buibui.

"Mama mkwe, tunatania tu…" Bwana Mahaba akacheka.

"Mwanangu kasema hakutaki. Umesikia, au mpaka tuweke muziki?"

Safari hii hakuna aliyeshangilia.

Tukatoka, mimi na Mama, hata mkoba niliusahau kwenye kiti.

Filamu ilitoka na ikajaza watu, sitawadanganya. Trela bado inazunguka kwenye simu zenu. Shangazi hunipigia, sipokei. Mkono ulipona. Ganzi inatoka pole pole, siku nyingine nalia nikiosha vyombo, nafurahi kwamba nalia.

Dada zangu, kaka zangu, nina ombi moja. Ukiona trela ya mapenzi na mtu anavutwa huku analia, zima sauti kwanza, halafu itazame tena.

Ukiona bado ni mapenzi, haya, kakate tiketi.