Jiko la Chaki

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku aliosha vyombo, na kila Jumamosi kazi hiyo ilimtoa jasho. Si kwamba vyombo vilikuwa vingi. Tabu ilikuwa pa kuviweka. Ili arudishe sufuria kubwa mahali pake, ilimbidi kwanza atoe ndoo ya unga, mabeseni mawili, chupa ya chai na birika moja lisilo na mfuniko ambalo hakuna aliyekumbuka lilitoka wapi. Akimaliza kuvipanga upya, lazima kimoja kikose nafasi.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku, kwa ajili ya mdomo wake usiojua kupumzika. Wiki hiyo mdomo ulizidi, maana jiko jipya lilikuwa njiani. Mama yake, ambaye alikuwa mshonaji wa nguo, alikuwa amejinyima miaka mitatu ili atengenezewe makabati ya jikoni ya kujengewa ukutani.

Fundi seremala alikuwa amekuja na kupima upande wa dirisha. Ukuta mrefu ulikuwa umezibwa na rafu za zamani, basi akaacha futi yake ya chuma na kusema, "Mkishahamisha rafu, nipimieni kutoka kona hii mpaka kwenye fremu ya mlango."

"Nitapima mimi!" Chiriku alidakia, kabla Mama hajafungua mdomo.

Rafu zikahamishwa, lakini futi ya chuma haikuwa na adabu. Alipoivuta mara ya kwanza ilimponyoka, ikajikunja kwa kasi na kumbana kidole. Akaitupa ndani ya droo, akachukua futi kamba ya Mama, ile laini ya kupimia nguo. Ilipofika mwisho aliweka alama ya penseli ukutani, akaihamisha, kisha akaihamisha tena. Akajumlisha: sentimita mia tatu na kumi na tano.

"Umetumia futi niliyokuachia?" Fundi aliuliza alipokuja kuchukua kipimo.

"Ndiyo, Fundi. Na nimepima mara mbili."

Fundi alimsifu sana. Alimwambia abaki na futi ile mpaka siku ya kufunga makabati, kwa kuwa yeye alikuwa na nyingine. Chiriku akavimba kichwa siku nzima.

Sasa mchoro wa Fundi ulikuwa mezani, na bei yake imeandikwa chini kwa wino mwekundu. Mama aliutazama mchoro, akaitazama bei, akashusha pumzi.

"Bei imenikaba koo," alisema. "Na bado sijui kama vyombo vyangu vitaenea."

"Mimi mistari hiyo hainiambii kitu," Bibi alisema. "Mwenye kupika humu ni mimi, lakini kwenye karatasi sijioni."

Chiriku aliruka kutoka kwenye kiti. "Bibi, nitakuchorea jiko lote sakafuni kwa chaki! Utapika humo kabla halijatengenezwa."

"Basi fanyeni haraka," Mama alisema akirudi kwenye cherehani yake. "Mbao zimekatwa jana. Leo saa nane Fundi anapiga gundi, na akishapiga gundi hakuna tena kubadilisha kitu."

Safari hii Chiriku alitumia futi ya chuma, kwa sababu Bibi aliikanyaga ncha kwa kiatu isijikunje. Walianza na sinki, wakafuata jiko la gesi, kisha droo. Bibi alisimama katikati ya mistari akajifanya anaosha, anakata, anakoroga. Akageuka huku na huku kama mtu mwenye wageni kumi.

"Hapa pazuri," alisema. "Hatua mbili tu nimefika kwenye sinki. Makabati ya juu yako wapi?"

Chiriku alipanda kigoda akayachora ukutani kama mchoro ulivyoonyesha. Bibi akanyoosha mkono, akasimama kwa vidole vya miguu, na bado mkono uliishia mbali na mstari.

"Haya ni ya nani?" aliuliza. "Mnaniletea mpishi twiga?"

Walicheka mpaka Bibi akashika ukuta. Kisha Chiriku akapiga magoti kuchora kabati la mwisho, lile la mlangoni, na kicheko kikamkauka. Mstari ulipita fremu ya mlango na kuingia njiani. Mlango usingefungwa.

Alipima tena ukuta kwa futi ya chuma. Sentimita mia tatu kamili.

Alikwenda polepole akachukua futi kamba, akaitazama ncha yake. Ilianzia kwenye tano. Miaka mingi iliyopita ncha ilichakaa, Mama akaikata. Ndiyo maana Mama kila mara alianzia kwenye kumi, na mwishoni akaitoa hiyo kumi. Chiriku alikuwa amemwona akifanya hivyo maelfu ya mara, na yeye, msemaji wa nyumba nzima, hakuwahi kuuliza kwa nini. Aliiweka ukutani mara tatu, na kila mara alihesabu sentimita tano ambazo hazikuwapo.

Alisogeza mguu akaanza kuufuta mstari. Angeweza kusema ukuta umepinda. Angeweza kunyamaza, Fundi agundue mwenyewe. Lakini alizikumbuka zile jioni Mama alipokaa na nguo za watu mpaka mgongo ukamuuma.

"Mbona kimya?" Bibi aliuliza. "Wewe ukinyamaza mimi naogopa."

Chiriku aliinuka na futi kamba mkononi. Alikwenda mpaka kwenye cherehani.

"Mama, nilidanganya. Sikupima kwa futi ya Fundi, nilipima kwa hii yako. Tena mara moja tu. Makabati yatazidi."

Cherehani ilinyamaza. Mama alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Vaa viatu," alisema.

Walikwenda karakana karibu kwa kukimbia. Fundi alikuwa ameinama juu ya mbao, kopo la gundi pembeni, brashi mkononi.

"Shikamoo, Fundi. Ngoja kwanza!" Chiriku aliita mlangoni.

"Marahaba. Kuna nini?"

Chiriku alimgeukia Mama, lakini Mama alitikisa kichwa. "Mwambie mwenyewe."

Alimwambia yote, na kidole kilichobanwa pia. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. Fundi aliiweka brashi kando taratibu.

"Ubao mrefu unafupishwa," alisema mwishowe. "Ungekuwa mfupi, leo tungelia wote. Lakini umenipa kazi mpya ya siku nzima, msaidizi wangu. Kila ninapokata upya lazima papigwe msasa. Nani atapiga?"

"Mimi, Fundi."

"Na kwa kuwa brashi bado kavu," Mama alidakia, "ondoa makabati ya juu ya ukuta ule mrefu. Mama yangu hayafikii, nimemsikia jikoni. Nipe droo mbili pana chini, za sufuria."

Fundi alipiga hesabu nyuma ya mchoro. Ukuta ulikuwa umepungua, makabati ya juu yameondoka, droo zimeongezeka, na bado bei ilishuka. Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Chiriku alipiga msasa Jumamosi mbili mpaka pua ikajaa vumbi. Siku makabati yalipofungwa, Fundi aliusukuma mlango wa jikoni. Ulijifunga bila kugusa kitu. Bibi alivuta droo, akatoa sufuria kubwa kwa mkono mmoja, akairudisha, akaitoa tena kwa raha tu.

"Mwanangu," Mama alisema, "kukosea kipimo kunampata kila mtu, hata mimi nimeharibu nguo za watu. Kilichotaka kutuponza ni ule uongo wako, maana Fundi aliukatia mbao. Na kilichotuokoa ni kwamba ulisema mapema, kabla ya gundi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Sasa nipimie dirisha, nilishonee pazia."

Akampa futi kamba ileile. Chiriku aliinyoosha dirishani, akaitazama ncha yake, akaanzia kwenye kumi.