Ngoma ya Kuaga

"Baba Sidi, chai tayari," Mbeyu alimwita mumewe, na Munga akaitika kutoka chumbani, "Abee."

Mbeyu akacheka sana. Mwanamume mzima wa Mishomoroni kuitika kama binti wa watu! Munga naye alicheka, ila kwa shingo upande, maana neno lile halikuwa lake. Chumba chote kilinukia marashi ya mawaridi ambayo hakuna aliyeyanunua.

Tangu ujana Munga aliigiza vijisehemu, jukwaani na kwenye runinga: mlevi, bawabu, mkwe mkorofi. Watu waliijua sura yake, jina hawakulijua, na hilo lilimuuma. Ndipo Griffin, mwongozaji kijana kutoka bara, alipompa nafasi kubwa ya kwanza maishani mwake, ya mzee aliyepandwa na jini wa kike. Griffin alitaka kila kitu kiwe cha kweli, akamleta Kahaso, mganga wa mtaa wa Shika Adabu, na wapiga ngoma wake. Kahaso alitoa sharti moja tu: ngoma ya kuita ikipigwa, ya kuaga ipigwe siku hiyo hiyo.

Wakaita. Mbele ya kamera Munga akaapa kwamba yeye ni kiti cha jini, mwili wa kukaliwa naye, na waliokuwepo wakaitikia kwamba wameshuhudia. Jua likaanza kufifia.

"Tosha, mzee," Griffin akasema. "Hiyo ya kuaga tutamalizia kesho."

Kesho yake akaona mchezo unapendeza zaidi bila kuaga. Kahaso alikasirika akaondoka. Munga alijua kabisa kuwa ni kosa, lakini aliogopa kunyang'anywa nafasi yake, akanyamaza.

Siku ya pili ndiyo aliyoitika "Abee"; ya tatu aliamka na hina kwenye kucha. Siku ya nne miguu ilimpeleka yenyewe mbele ya kioo, na mdomo wake ukaanza kuigiza mlevi, kisha bawabu, kisha mkwe, ukirudia palipokosewa mpaka pakanyooka, kama mwanafunzi anayedurusu mtihani. Munga alitaka kumwita mkewe. Sauti haikutoka.

Mbeyu alisali na wanakwaya wenzake wakachoka. Mwishowe alijikaza, akamleta Kahaso mchana kweupe.

"Mumeo akiitwa huitika vipi?" Kahaso alinong'ona.

"Naam. Miaka yote ni naam."

"Basi tutapiga mpaka aitike hivyo mwenyewe. Hapo tutajua jini ametoka."

Ngoma ya kuaga ikalia, na Munga, ambaye sasa alikuwa mbali ndani ya mwili wake kama mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma, akasikia harufu ya mawaridi ikipungua, akasikia mkewe akilitaja jina la mtoto wao, akajikusanya kwa nguvu zote alizobakiwa nazo ili aseme lile neno moja dogo alilolisema maisha yake yote, na kabla hajalifikia akausikia mdomo wake ukilisema.

"Naam, Mama Sidi."

Ilikuwa sauti yake hasa, hata ule mkwaruzo wake wa kila asubuhi ulikuwemo. Kahaso akapumua, akafunga ngoma zake. Mbeyu akamwangukia mumewe kifuani akilia kwa furaha, na Munga akapiga kelele huko ndani kwamba si yeye, si yeye aliyeitika. Mikono yake ikamkumbatia Mbeyu taratibu, ikampapasa mgongoni pale pale alipozoea.